Naomba msaada: ninawezaje kueleza kwa Kihispania vitu nilivyojinunulia?

Binti wa Ilazo ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Ninaishi Ilazo hapa Dodoma na ninafanya kazi katika maabara ya zahanati moja, ambako tangu mwezi wa tatu tumepokea wageni wawili wa kujitolea, mmoja kutoka Hispania na mwingine kutoka Kolombia. Wote wawili wanajifunza Kiswahili kwa bidii, kila neno wanaliandika kwenye vidaftari vyao, nami nimeona si haki wao wahangaike na lugha yangu huku mimi nimekaa tu nawasubiri. Kwa hiyo nimeanza kujifunza Kihispania kwa programu ya simu na kwa kitabu kimoja cha zamani nilichokipata kwa muuza vitabu vya mitumba.

Kuuliza bei ninaweza, kwa sababu somo la kwanza la kitabu lilikuwa “¿Cuánto cuesta?”, na la pili likarudia hilo hilo kwa wingi, “¿Cuánto cuestan?”. Lakini pale kazini hakuna anayeuza kitu. Kila Jumatatu tunapokunywa chai saa nne, mazungumzo huwa ni nani amenunua nini mwishoni mwa juma, ameipata wapi, kwa bei gani, na kama ameridhika nayo. Mimi nami ninatamani kueleza kwamba Jumamosi nilikwenda Majengo, nikazunguka vibanda viwili bila mafanikio, na katika kibanda cha tatu nikapata viatu vya ngozi ambavyo muuzaji alianza na shilingi 35,000 tukapatana hadi 22,000, na kwamba vinanibana kidogo mguu wa kulia ila naamini vitalegea. Kwa Kiswahili maneno hayo ni pumzi moja. Kwa Kihispania ninakwama kwenye kitenzi cha kwanza.

Juma lililopita nilijaribu. Nilisema “Compro zapatos, muy carro”, na kwa kuwa nilikuwa nimesikia kwamba Wahispania huitetemesha “r”, nikaitetemesha kwa nguvu zangu zote. Wenzangu walinisikiliza kwa upole, kisha mmoja akaniuliza ninataka kununua gari gani. Hawakunicheka hata kidogo. Kilichoniuma ni kwamba sentensi hiyo nilikuwa nimeiandaa tangu usiku.

Naomba mnisaidie kueleza mambo hayo niliyoyataja: kujinunulia, kupatana bei, na nguo au kiatu kumkaa mtu vizuri au vibaya. Pia kuna jambo moja linanichanganya. Kwa kitu alichokinunua asubuhi ile ile, mgeni wetu wa Hispania husema “me he comprado”, na yule wa Kolombia husema “me compré”. Nimfuate yupi?

Mwalimu Mstaafu, Kikuyu, amejibu:

Marahaba, binti yangu, na hongera kwa nia hiyo. Mimi nilisoma Havana miaka ya 1980, ambako mihadhara yote ilikuwa kwa Kihispania na ilinilazimu nijifunze au nirudi nyumbani, kwa hiyo nitakueleza lile ambalo nililigundua kwa kuchelewa. Kitabu chako bila shaka kimeandikwa kwa ajili ya mtu anayejua Kiingereza, na programu ya simu nayo inakupa maelezo kwa Kiingereza. Unatoka kwenye Kiswahili, unapitia Kiingereza, ndipo unafika kwenye Kihispania, na mzigo mwingi unaanguka njiani. Nenda moja kwa moja. Katika kueleza manunuzi, Kiswahili na Kihispania vinakutana mahali pengi ambapo Kiingereza kiko mbali na vyote viwili.

Anza na neno uliloliweka mwenyewe kwenye kichwa cha swali lako, “nilivyojinunulia”. Sisi tuna kununua, kununulia na kujinunulia. Wao wana “comprar” na “comprarse”. “Compré unos zapatos” ni nilinunua viatu. “Me compré unos zapatos” ni nilijinunulia viatu. Ile “me” ndiyo “ji” yetu pamoja na ile “-lia” ya mwishoni, imetolewa nje ya kitenzi na kuwekwa mbele. Iko tofauti moja ya uzito ambayo ni lazima uijue: kwetu “nilijinunulia” humsisitiza kidogo msemaji, kana kwamba anataka ieleweke kuwa hakununuliwa na mtu, lakini kwao “me compré” ni kauli ya kila siku isiyo na msisitizo wowote. Ukiiacha “me” unapozungumzia viatu vyako mwenyewe hujakosea, ila maneno yako yanakuwa makavu kama ya mtu anayesoma risiti. Ukimuuliza mwenzako, utasema “¿Te compraste algo?”, yaani ulijinunulia kitu chochote, na ukimsimulia mwingine, “se compró un vestido”, alijinunulia gauni.

Ukimnunulia mtu mwingine, “me” inaondoka na “le” inaingia: “le compré una tela a mi tía”, nilimnunulia shangazi kitambaa. Hapa Kiswahili kinawazidi kwa uwazi, kwa sababu sentensi hiyo hiyo ya Kihispania inaweza pia kumaanisha kwamba shangazi ndiye muuzaji na wewe ulinunua kitambaa kwake. Sisi tunatenganisha “nilimnunulia” na “nilinunua kwake”. Wao huwaachia wasikilizaji waelewe kutokana na mazungumzo. Ukitaka kuondoa shaka, sema “para mi tía”, kwa ajili ya shangazi.

Kisha kuna viambishi vya mtendwa, ambavyo huwatesa sana wanafunzi wanaotoka kwenye Kiingereza, ilhali sisi tumevizoea tangu utotoni. Tunasema kiatu nilikinunua, viatu nilivinunua, shati nililinunua. Kabla ya kutamka kitenzi, akili imekwisha kutazama nomino ni ya ngeli gani. Kihispania kinataka kazi hiyo hiyo, tena nyepesi zaidi, kwa kuwa kina jinsi mbili tu. “Zapato” ni ya kiume, kwa hiyo viatu nilivinunua ni “los compré”. “Camisa” ni ya kike, kwa hiyo shati nililinunua ni “la compré”. “Lo” na “la” kwa umoja, “los” na “las” kwa wingi, basi. Aliyeweza kutofautisha ki, vi, li, ya, u na zi hashindwi na manne.

Sasa nije kwenye “compro” yako, kwa sababu hapo ndipo Kiswahili chetu kinapotuponza. Sisi mkazo tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kwa kila neno, bila kufikiri. Kihispania nacho hufanya hivyo kwa maneno mengi yanayoishia na irabu, au “n”, au “s”, na ndiyo sababu tunakisoma vizuri tangu siku ya kwanza, hasa kwa kuwa irabu zao ni tano kama zetu. Lakini neno likibeba alama juu ya irabu, mkazo unahamia pale ilipo alama, na maana inahama nao. Tazama neno moja lilivyo na sura nne: “compro” ni ninanunua, “compró” ni alinunua, “compre”, bila alama, ni nunua, unapomwambia mtu kwa heshima, “compré” ni nilinunua. Wewe ulisema ninanunua viatu, na wasikilizaji wakaelewa kwamba safari ya sokoni ndiyo kwanza inaanza. Jizoeze kwa sauti, ukigonga meza kwenye silabi ya mwisho: kom-PRE, kom-PRO. Mimi nilifanya hivyo bwenini kwa majuma mengi, na hadi leo nikiandika neno hilo kidole changu hutaka kugonga.

Kuhusu “r”, habari njema ni kwamba “r” yako ya Kiswahili, ile ya “kura” na “bara”, ndiyo hasa inayotakiwa katika “caro”, ghali. Ya kutetemesha ni ile iliyoandikwa mara mbili, na “carro” katika nchi nyingi za Amerika ni gari. Uliongeza juhudi mahali ambapo lugha yako ilikuwa imekwisha kukupa sauti sahihi.

Nikupe na neno moja la Havana. Kuba ilianzisha mgawo wa bidhaa kwa vitabu maalumu mwaka 1962, na wakati wangu foleni zilikuwa sehemu ya maisha. Ulipofika dukani hukuuliza bei kwanza, uliuliza “¿El último?”, yaani wa mwisho ni nani, ili ujue unasimama nyuma ya nani. Watu walisema “sacaron zapatos”, wametoa viatu, kwa maana kwamba duka limeviweka vitu hivyo kwa mauzo siku hiyo. Na kwa kuwa kununua kulikuwa ni kutafuta kwanza, kitenzi kilichosikika zaidi ya “comprar” kilikuwa “conseguir”, kupata kitu baada ya kukitafuta. Wewe uliyezunguka vibanda vitatu una haki kamili ya kusema “los conseguí en Majengo”. Neno hilo linaeleweka popote Kihispania kinapozungumzwa.

Mwongozaji wa Kondoa amejibu:

Shikamoo mwalimu, nimefaidika sana na maelezo yako. Dada wa Ilazo, mimi ninawaongoza wageni wanaokuja kutazama michoro ya miambani kule Kolo, ambayo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na Wahispania ni miongoni mwao. Nikichukua swali lako la mwisho kwanza, ufunguo wake uko katika “-me-” na “-li-”.

Kwa Mhispania wa Madrid, siku ambayo haijaisha bado ni “sasa”. Kitu alichokinunua leo asubuhi husema “me he comprado”, kama sisi tunavyosema nimejinunulia. Cha jana husema “me compré”, nilijinunulia. Katika Kiswahili sanifu hatusemi “jana nimenunua”, na wao vilevile hawasemi “ayer me he comprado”. Nchi nyingi za Amerika hazifuati mpaka huo: kitu kikiisha kununuliwa, hata kama ni dakika tano zilizopita, ni “me compré”. Wala si Amerika peke yake, kwa sababu watu wa Galicia na wa Visiwa vya Kanari, ambao ni Wahispania, nao huelekea huko. Ushauri wangu ni kwamba wewe useme “me compré” kwa kila jambo, kwa kuwa itaeleweka na wote wawili, na “me he comprado” uielewe tu unapoisikia. Safari yako ya Majengo ilikuwa Jumamosi na chai yenu ni Jumatatu, kwa hiyo hata Mhispania wenu atasema “me compré”.

Kupatana bei ni “regatear”, na hapa kuna jambo lililonifurahisha sana nilipolisikia mara ya kwanza. Muuzaji akikubali bei yako, sisi tunasema “ameniachia kwa elfu ishirini na mbili”. Wao hutumia kitenzi hicho hicho cha kuacha, “dejar”: “me los dejó en veintidós mil”. Bei ya kuanzia ni ile aliyokuwa “akiomba”, kwa hiyo simulizi yako nzima inakuwa: “Me pedían treinta y cinco mil chelines y me los dejaron en veintidós mil.” Na ukiwa bado unapatana, utasema “¿Me los deja en veinte mil?”, je, utaniachia kwa elfu ishirini? Mhispania huenda asizoee kupatana bei, kwa kuwa katika maduka ya kwao bei huwa imebandikwa, na wanaotaka nafuu husubiri “las rebajas”, majira ya punguzo ambayo kwa desturi huanza mwezi Januari na Julai. Atakusikiliza kwa makini zaidi ya unavyodhani ukimsimulia ulivyofanya.

Tahadhari moja kubwa kuhusu neno “rahisi”. Sisi kitu rahisi ni kile kisicho kigumu, na pia ni kile cha bei ya chini, na hata wanaosisitiza tuseme “bei nafuu” wenyewe sokoni husema rahisi. Kihispania kimetenganisha: mtihani rahisi ni “fácil”, viatu vya bei rahisi ni “baratos”. Niliwahi kumwambia mgeni kwamba asali ya Kondoa ni “fácil”, naye akaniuliza kufanyiwa nini. Sema “me salieron baratos”, yaani nilivipata kwa bei nafuu. Kitenzi hicho “salir”, ambacho maana yake ya kawaida ni kutoka, hutumika pia baada ya miezi kadhaa kueleza ubora: “me salieron buenos”, vimenifaa, vimedumu.

Jambo jingine ambalo kitabu chako huenda hakijalifafanua ni bei za sokoni zinazopanda na kushuka. Dhahabu “es caro”, ni ghali, ndiyo hali yake, kwa kuwa “oro” ni ya kiume. Nyanya zingekuwa za jinsi ya kike tungesema “están caras”, lakini “tomate” nayo ni ya kiume, kwa hiyo ni “los tomates están caros”: nyanya zimepanda, kwa majira haya, kwa leo. Ndiyo maana sokoni mtu anayejua lugha haulizi “¿Cuánto cuestan?” peke yake, huuliza “¿A cómo están los tomates?”, nyanya zinakwendaje leo. Ukiuliza hivyo, muuzaji anatambua kwamba unajua bei hubadilika.

Majina ya vitu hutofautiana kati ya nchi na nchi, na usikubali yakutishe. Simu ya mkononi ni “móvil” Hispania na “celular” Amerika. Wageni wenu wawili watakupa mifano mingine wenyewe ukimuuliza kila mmoja mbele ya mwenzake. Na kwa faida ya wasomaji wanaodhani lugha hii iko mbali nasi: Guinea ya Ikweta, hapa hapa Afrika, Kihispania ni lugha yake rasmi, ingawa bei za huko hutajwa kwa faranga na si kwa peso wala euro.

Mshonaji wa Majengo amejibu:

Habari zenu. Mimi ninashona, na kwa miaka kadhaa nimewashonea watawa na wafanyakazi wa kujitolea wanaozungumza Kihispania, kwa hiyo sehemu ya “kumkaa mtu” niachieni mimi.

Mdogo wangu, unaposema “viatu vinanibana”, nani anatenda? Viatu. Wewe umekaa tu, kiatu ndicho kinachokutenda. Kihispania ni hivyo hivyo: “los zapatos me aprietan”. Unaposema “gauni limenikaa vizuri”, gauni ndilo lililokaa. Wao husema “el vestido me queda bien”, na kitenzi “quedar” maana yake ni kubaki, kukaa mahali. Likipwaya, “me queda grande”. Likiwa fupi, “me queda corto”. Jaribu kutunga sentensi hizo kwa kuanza na neno “mimi” na utapotea. Anza na nguo yenyewe, kama unavyofanya kwa Kiswahili, zitakuja zenyewe. Kwa viatu vyako vya ngozi utasema “me aprietan un poco, pero con el uso van a ceder”, vinanibana kidogo, lakini kwa kuvivaa vitalegea.

Ila kuna mahali Kiswahili kinahitaji kufikiriwa mara mbili. Mteja wangu akivaa nguo, akajitazama kwenye kioo na kusema “imenipendeza”, huenda anamaanisha ameipenda, na huenda anamaanisha imemkaa vizuri mwilini, na mara nyingi anamaanisha yote mawili. Kihispania hulazimisha uchague. Ukiipenda, hata kama imetundikwa bado, ni “me gusta”. Ikikukaa vizuri ni “me queda bien”. Niliwahi kumshonea sista mmoja sketi ya kitenge. Akasema “me gusta mucho”, nikaanza kuikunja niiweke kwenye mfuko, kumbe sentensi ilikuwa haijaisha: “pero no me queda”. Nilifumua kiuno chote. Tangu siku hiyo humsubiri mteja amalize yote mawili.

Neno la pili la kuliangalia ni “pesa”. Jirani yangu huuza zabibu kando ya barabara, kwenye visanduku. Mgeni mmoja alisimama, akainua kisanduku, akauliza “¿Cuánto pesa?”. Jirani yangu alisikia “pesa” akamtajia bei, mgeni akatikisa kichwa, akauliza tena vilevile, naye akashusha bei. Ilishuka mara mbili kabla hajaja mtu wa kuwatafsiria. Yule mgeni alikuwa anauliza kisanduku kina uzito gani, kwa sababu “pesar” kwa Kihispania ni kuwa na uzito. Jirani yangu alisikitika kwa bei aliyoiachia bure, na mgeni alipoelewa alilipa ile ya kwanza.

Kibanda cha sokoni ni “puesto”. Na kwa nguo za mitumba, neno linaloeleweka kote ni “ropa de segunda mano”, nguo za mkono wa pili, au “ropa usada”. Lakini mteja wangu mmoja wa Guatemala aliziita “ropa de paca”, na nilipomuuliza “paca” ni nini, alinionyesha kwa mikono yake miwili robota lililofungwa kwa mikanda. Nikamwambia mtumba na kwetu ni mzigo uliofungwa hivyo hivyo kabla haujawa jina la nguo. Tulikaa kimya kidogo, kila mmoja akiifikiria safari ya mabelo hayo.

Binti wa Ilazo ameandika:

Sijui niwashukuru vipi. Nimekaa na majibu yenu jioni nzima, na nimeandika sentensi zangu bila kutazama kitabu. Naomba mnisahihishe kabla ya Jumatatu:

“El sábado fui a Majengo y me compre unos zapatos de cuero. Me pedían treinta y cinco mil chelines y me las dejaron en veintidós mil. Me aprietan un poco, pero me gustan mucho y con el uso van a ceder.”

Nina maswali mawili madogo. Viatu hivyo sijavivaa bado popote, nimevitunza nivivae kazini Jumatatu kwa mara ya kwanza. Je, kuna namna ya kusema hivyo? Na ile “z” ya “zapatos”, mbona wageni wangu wanaitamka tofauti?

Mwalimu Mstaafu, Kikuyu, amejibu:

Binti yangu, makosa ni mawili tu. Umeandika “compre” bila alama, na bila alama hiyo umemwamuru mtu anunue. Iwe “me compré”, gonga meza. La pili, “me las dejaron”: viatu ni “los zapatos”, kwa hiyo ni “me los dejaron”. Nadhani ulikuwa unafikiria shilingi, lakini kilichoachwa kwa bei hiyo ni viatu. Sehemu nyingine zote ziko sawa.

Kuhusu “z”, wote wawili wako sahihi. Hispania kwa sehemu kubwa huitamka kama “th” ya “thamani”, na Amerika yote huitamka kama “s” ya kawaida. Chagua moja na udumu nayo. Kwa mdomo wa Kiswahili zote mbili ziko tayari. Utamkumbuka pia Mreno, kwa sababu neno “sapatu” lililomo katika kamusi zetu alituachia yeye, nalo ni ndugu wa “zapato”.

Na swali lako la kuvaa kwa mara ya kwanza limenifurahisha kuliko yote, maana Kihispania kina kitenzi kimoja kizima kwa ajili ya jambo hilo, ambacho sisi tunakieleza kwa maneno matatu. Ni “estrenar”: kuvaa au kutumia kitu kipya kwa mara ya kwanza, iwe nguo ya sikukuu, sufuria au nyumba. Ongeza mwishoni: “Hoy los estreno.”

Binti wa Ilazo ameandika:

Ninaandika haya wakati wa mapumziko ya mchana. Saa nne nilisema yote, tangu “el sábado” hadi “hoy los estreno”, na niligonga ukingo wa meza mara moja tu kwa kidole, chini, pasipoonekana. Mgeni wa Kolombia aliinama akavitazama viatu, kisha akaniuliza haraka haraka, bila kunipunguzia mwendo: “¡Qué bonitos! ¿Y dónde los conseguiste?” Neno hilo la Havana nililitambua. Nikamjibu: “En el tercer puesto.”